Pau Fupi ya Alhamisi

Kila asubuhi, katika shule nyingi za msingi Tanzania, ubaoni huandikwa herufi ambazo kila aliyesoma huku anazijua: WAV (wavulana), WAS (wasichana), JML (jumla). Chini yake ni idadi ya waliosajiliwa, waliopo na wasiopo. Tarakimu hizo huenda ofisini, zikaingia kwenye taarifa ya mwalimu mkuu, zikapanda kwa afisa elimu kata na kuendelea hadi halmashauri. Ubaoni zinafutwa kesho yake. Kisha darasa hilo hilo linafungua kitabu cha Hisabati, mada ya takwimu, na kukuta grafu ya pau yenye mahudhurio ya shule ambayo haipo popote. Chini ya grafu kuna maswali matatu: siku gani waliohudhuria walikuwa wengi zaidi, siku gani walikuwa wachache zaidi, na jumla ya mahudhurio ya wiki ni ngapi.

Maswali hayo yana nafasi yake. Mtoto anayeanza lazima ajue kwamba mhimili mlalo umebeba siku na mhimili wima umebeba idadi, kwamba skeli inayopanda kumikumi inamtaka akadirie pau inayoishia katikati ya mistari, na kwamba kichwa cha grafu husomwa kabla ya kitu kingine chochote. Tatizo ni kwamba yote matatu yanajibika kwa rula. Mwanafunzi anaweza kuyapata yote bila kufikiri hata mara moja kwamba kila pau ni watoto waliofika, na kwamba nafasi tupu iliyo juu ya pau, kuanzia kilele chake hadi kwenye idadi ya waliosajiliwa, nayo ina watoto. Tunamzoesha kutazama sehemu iliyopakwa rangi tu. Miaka kumi na mitano baadaye yeye ndiye mzazi anayekaa kwenye kikao cha shule akionyeshwa grafu ya matokeo, na anachojua kufanya ni kutafuta pau ndefu kuliko zote.

Nitatumia darasa moja la mfano. Waliosajiliwa ni 60. Jumatatu wamefika 52, Jumanne 56, Jumatano 55, Alhamisi 41, Ijumaa 50. Ukichora pau tano, Alhamisi inazama na kila jicho linaiona. Jumla ni 254, wastani kwa siku ni 50.8. Kitabu kinaishia hapo na kuhamia mada nyingine.

Sasa geuza grafu hiyo uhesabu wasiofika: 8, 4, 5, 19, 10. Jumla 46. Uliza darasa: wiki hiyo ni watoto wangapi walikosa shule? Wengi watajibu 46, na watu wazima wengi pia. Lakini 46 si idadi ya watoto. Ni idadi ya mara ambazo kiti kilikuwa kitupu. Inawezekana kabisa kwamba watoto 46 tofauti walikosa siku moja kila mmoja. Inawezekana pia kwamba waliokosa ni 19 tu, wale wa Alhamisi, na wasiofika wa siku nyingine zote wametoka miongoni mwao. Katika hali hiyo, wanne waliokosekana Jumanne wanaweza kuwa ni walewale waliokosekana siku zote tano.

Hebu fikiria uzito wa jambo hili. Madarasa mawili yanaweza kutoa grafu moja, pau kwa pau, bila tofauti hata ya milimita. Katika darasa la kwanza wamekosa watoto 46 tofauti, kila mmoja ameugua mafua siku moja au ametumwa nyumbani kuangalia wadogo zake. Katika la pili kuna watoto wanne ambao hawajaonekana wiki nzima, ambao wakiachwa wiki mbili zaidi watakuwa wameacha shule. Darasa la kwanza linahitaji subira tu. La pili linahitaji mwalimu wa darasa afunge safari kwenda nyumbani kwa watoto wanne, leo. Rejista inajua tofauti hiyo kwa sababu ina majina na alama za kila siku. Grafu imeitupa tofauti hiyo ili iweze kuwa fupi, na mtoto anayefundishwa grafu bila kuambiwa kilichotupwa amefundishwa nusu.

Historia ya chombo chenyewe inatusaidia hapa. William Playfair, Mskoti, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuchapisha grafu ya pau ya takwimu kama tunavyoijua. Mwaka 1786 alichora biashara ya Uskoti na nchi na maeneo 17, bidhaa zilizoingia na zilizotoka, kwa mwaka mmoja tu. Kwa Uingereza alikuwa na takwimu za miaka mingi na akachora mistari inayopanda na kushuka. Kwa Uskoti hakuwa nazo, ndipo akatumia pau, na mwenyewe aliona mchoro huo una manufaa madogo kuliko mingine kwa sababu haukuonyesha mwenendo wa muda. Yaani pau zilianza kama njia ya mtu aliyepungukiwa na takwimu. Sisi tunazifundisha kana kwamba zimekamilika.

Upungufu huo wa Playfair ndio ulio kwenye darasa letu. Kwa nini Alhamisi? Mtoto yeyote wa kijijini atakwambia bila kusita: ni siku ya mnada. Huenda ni kweli. Katika vijiji vingi siku ya gulio huvuta watoto, wengine kubeba mizigo, wengine kuuza karanga na maji, wengine kubaki nyumbani kwa sababu mama ameenda kuuza. Lakini mvua ya usiku wa Jumatano nayo inaweza kuleta pau hiyo hiyo, hasa kama kuna mto wa kuvuka. Kukosekana kwa uji siku hiyo pia. Zamu ya kuchota maji, mchango uliotangazwa Jumatano kwamba asiyeleta atarudishwa, mtihani wa majaribio, msiba mkubwa mtaani: kila kimoja kinaweza kuizamisha Alhamisi moja. Grafu inasema lini. Haisemi kwa nini.

Na hapa ndipo mtoto anapoweza kufanya kazi halisi ya takwimu kwa gharama ya chaki. Kama sababu ni mnada, Alhamisi ijayo itazama tena, na inayofuata, na inayofuata. Kama ni mvua, haitazama kila wiki. Chora Alhamisi nne mfululizo na Jumanne nne kwa kulinganisha. Hakuna anayehitaji kompyuta. Walimu wetu walifundishwa kufaragua zana, na vizibo vya soda vinatosha: kizibo kimoja kwa mtoto mmoja aliyefika, vimepangwa sakafuni safu kwa safu, na kizibo kilichogeuzwa tumbo juu kwa kila asiyefika, juu ya safu hiyo hiyo. Safu zote zinakuwa na urefu sawa wa vizibo 60, na tofauti inaonekana pale vizibo vinapoanza kugeuka. Mtoto aliyepanga vizibo hivyo kwa mkono wake hatasahau kwamba pau ina juu yake watu wasiopo.

Yapo pia mambo ya uchoraji wenyewe ambayo darasa lazima liyajue mapema, kwa sababu nje ya shule yanatumika kila siku. Kubwa kuliko yote ni pale mhimili wima unapoanzia. Chukua tarakimu zetu na uanzie mhimili kwenye 40 badala ya sifuri. Jumanne inapata urefu wa vipande 16, Alhamisi inapata kipande kimoja. Jicho linasoma kwamba Jumanne walifika mara kumi na sita ya Alhamisi, wakati ukweli ni kwamba 41 ni takriban asilimia 73 ya 56. Tarakimu hazijaguswa, zimeandikwa sahihi pembeni, na bado msomaji amepotoshwa, kwa kuwa katika grafu ya pau jicho hulinganisha urefu. Ndiyo maana nashikilia kwamba pau ianzie sifuri, hata kama tofauti itaonekana ndogo. Kama tofauti ni ndogo, ionekane ndogo. Programu za kompyuta wakati mwingine hukata mhimili zenyewe tarakimu zikikaribiana, kwa hiyo anayetengeneza bango la wilaya anaweza kupotosha bila kukusudia. Msomaji aanze kwa kuangalia chini kushoto, penye namba ya kwanza.

Kutofautisha idadi na uwiano ni jambo la pili, na herufi WAV na WAS zinalifundisha vizuri kuliko kitabu chochote. Tuseme darasa letu lina wavulana 35 na wasichana 25, na Ijumaa, siku waliyofika 50, wavulana walikuwa 28 na wasichana 22. Pau ya wavulana ni ndefu zaidi. Mtoto anayesoma urefu atasema wavulana wanahudhuria vizuri kuliko wasichana. Hesabu inasema kinyume: 28 kati ya 35 ni asilimia 80, 22 kati ya 25 ni asilimia 88. Pau ile ndefu imetokana na wingi wa wavulana waliosajiliwa. Swali la “kati ya wangapi?” ningependa liandikwe kwa herufi kubwa juu ya kila ubao unaofundishiwa takwimu.

Swali hilo linauma zaidi tukifika kwenye matokeo ya mitihani. Tuchukue shule ya mfano iliyopokea wanafunzi 120 kidato cha kwanza. Kidato cha nne waliokaa kwenye mtihani ni 80, na 72 kati yao wamefaulu. Bango la getini litaonyesha pau ya asilimia 90, na halitakuwa limedanganya, kwa sababu 72 kati ya 80 ni asilimia 90. Lakini kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto wake hapo, 72 kati ya 120 ni asilimia 60. Wale 40 walihama, walikariri darasa, waliacha, walipata mimba, waliondolewa. Wengine huenda walifanya vizuri kwingine. Bango haliwezi kutuambia. Mzazi aliyejifunza kutazama nafasi iliyo juu ya pau atanyoosha mkono na kuuliza walioingia walikuwa wangapi.

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu wa kutaja shule na wanafunzi kumi bora. Niliunga mkono uamuzi huo na bado nauunga. Kuiweka shule yenye watahiniwa 25 waliochujwa kwa mtihani wa kuingia kwenye mstari mmoja na shule ya kata yenye watahiniwa 200 kulizaa pau zisizolinganika. Lakini orodha kuondoka hakukuondoa mabango, na mabango yataendelea kusomwa na watu tuliowafundisha kutafuta pau ndefu.

Kuna miaka miwili ambayo kila mwalimu wa hisabati Afrika Mashariki angeweza kuifanya somo. Ya kwanza ni 2012 kwetu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, yaani wamefeli, na nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Kiwango cha ufaulu kikatoka takriban asilimia 34 na kufika takriban 43. Watahiniwa ni walewale, karatasi ni zilezile, hakuna aliyeandika neno jipya. Pau ilirefuka kwa sababu kipimo kilibadilishwa. Sitaki mtoto ajifunze kutokana na kisa hiki kwamba takwimu zote ni uongo. Hilo ni somo la hatari na si la kweli. Nataka ajifunze kuuliza, akiona pau za miaka mbalimbali zimepangwa pamoja, kama zote zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Mwaka wa pili ni 2016 Kenya. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, wa 2015 ulitoa watahiniwa zaidi ya 2,600 wenye A, alama ya juu kabisa. Mwaka uliofuata, chini ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i, udhibiti wa wizi wa mitihani ulikazwa, karatasi zikafungiwa kwenye makontena na kuchukuliwa asubuhi ya mtihani, na idadi ya A ikashuka hadi 141. Ukizichora kwa skeli moja, pau ya 2016 ni mstari mwembamba kando ya mnara. Msomaji wa urefu angesema elimu ya Kenya iliporomoka ndani ya miezi kumi na miwili. Hakuna mfumo wa elimu unaoporomoka hivyo. Kilichobadilika zaidi ni mazingira ya mtihani na namna ya kuusimamia na kuusahihisha, na swali zito zaidi likahamia kwenye pau ndefu ya mwaka uliotangulia: ilikuwa inapima nini?

Idadi ya walioandikishwa nayo ina mitego yake. Uganda ilipoanza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, wanafunzi walitoka takriban milioni 3.1 hadi milioni 5.3. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi Januari 2003, walitoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Zichore pamoja: Kenya ina pau ndefu zaidi kabla na baada. Lakini ongezeko la Uganda lilikuwa asilimia 71 na la Kenya asilimia 22, kwa hiyo mshindo ndani ya madarasa ya Uganda, kwa walimu waliokuwapo na madawati yaliyokuwapo, haufanani na wa Kenya. Furaha ya pau hizo ni ya haki. Mamilioni ya watoto walipita mlango uliokuwa umefungwa. Ila pau ya uandikishaji inahesabu waliopita mlangoni, na haisemi kama wamepata kitabu au kama wanajua kusoma. Uwezo, mpango ulioanzishwa mwaka 2009 ili kupima watoto Kenya, Tanzania na Uganda, uliwafuata watoto majumbani na kuwajaribu kwa mazoezi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa kwenda nyumbani waliwafikia pia wasiokwenda shule kabisa, ambao hawaonekani kwenye pau yoyote inayotoka kwenye rejista.

Kuna pia wanaoonekana na hawapo. Uhakiki uliofanyika katika shule za umma Tanzania mwaka 2016 ulibaini wanafunzi hewa, majina yaliyoongezwa wakati ambapo ruzuku hugawiwa kwa kila kichwa. Grafu iliyochorwa kutokana na rejista hiyo ingekuwa safi, yenye skeli sahihi na mhimili unaoanzia sifuri, na bado isingekuwa kweli. Hapo hakuna ujanja wa kuchora unaosaidia. Kinachosaidia ni mtu aliyesimama mlangoni akahesabu.

Walimu wataniambia, na wana haki, kwamba darasa lenye watoto mia moja halina nafasi ya vizibo sakafuni, na kwamba muhula unakimbizwa na silabasi. Sidai mada mpya. Nadai kwamba mada iliyopo itumie tarakimu zilizoko ubaoni asubuhi hiyo. Wanafunzi watano wa zamu wanaweza kuzinakili kabla hazijafutwa, na Ijumaa darasa likachora wiki yake lenyewe. Wachore idadi, wasichore majina. Mtoto aliyekosa shule kwa kukosa sare au taulo ya kike asigeuzwe kielelezo mbele ya wenzake. Majina yabaki kwenye rejista, kwa mwalimu wa darasa, ambaye grafu hiyo itamwonyesha siku gani aanze kuyachunguza.

Watunga mitihani ndio wenye ufunguo, kwa sababu walimu hufundisha kinachoulizwa. Iwekwe grafu ya darasa la watoto 60, pau zake 52, 56, 55, 41 na 50, na swali liwe hili: watoto waliokosa shule angalau siku moja wiki hiyo hawawezi kupungua wangapi, na hawawezi kuzidi wangapi? Eleza. Alama moja kwa 19, moja kwa 46, na mbili kwa maelezo.